Mtetemo wa Gia Boksi: Pima Kwanza, Hukumu Baadaye

Gari dogo la abiria lina maisha mawili katika nchi hii. Maisha ya kwanza huyamaliza huko Japani, kwenye lami laini na chini ya ukaguzi wa mara kwa mara. Kisha huvuka bahari hadi Dar es Salaam na kuanza maisha ya pili, ambayo aghalabu huwa marefu na magumu kuliko yale ya kwanza. Mengi ya magari hayo hayana kanyagio la klachi. Gia zake hujibadili zenyewe. Huko Madibira, katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, ambako wakulima hulima mpunga kwa maji ya Mto Ndembera, gari la namna hiyo humbeba mwalimu, hubeba mbegu na magunia, na pale inapolazimu humbeba mgonjwa. Likiharibika, kinachopotea si starehe ya mtu mmoja bali ni huduma ya jirani zake wote.

Miongoni mwa maradhi ya magari hayo yaliyokwisha kutembea kilomita laki moja na nusu, laki mbili na zaidi, yapo maradhi moja yanayowasumbua sana wenye magari na mafundi. Gari huenda vizuri lilipo baridi. Likiisha kupata moto, na dereva akiwa katika mwendo wa kilomita 50 hadi 80 kwa saa huku amekanyaga mafuta kidogo tu, ghafla gari lote hutetemeka kwa sekunde moja au mbili, kana kwamba limepita juu ya matuta madogo yaliyopangwa karibu karibu. Kisha hutulia. Baada ya muda mtetemo hurudi. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, hutoweka.

Hukumu inayotolewa mara nyingi ni moja: gia boksi imekufa, inunuliwe nyingine. Mwenye gari huuza mpunga aliokuwa ameuweka akisubiri bei nzuri, hununua gia boksi iliyotumika ambayo historia yake haijulikani, na baada ya wiki chache mtetemo huweza kurudi kama ulivyokuwa. Yamkini mhalifu alikuwa plagi moja, au oili isiyofaa, na aliyenyongwa hakuwa na hatia. Makala haya yanadai kwamba hasara ya namna hii haitokani hasa na upungufu wa vifaa. Inatokana na kutozoea kuuliza swali lililo msingi wa sayansi yote: ni jaribio gani litakalotoa jibu moja iwapo mtuhumiwa ni huyu, na jibu jingine iwapo mtuhumiwa ni yule? Swali hilo halihitaji umeme wala maabara. Lafaa kufundishwa shuleni, na gari linalotetemeka ni mwalimu wake mzuri.

KINACHOTETEMEKA NI NINI

Hapana budi kwanza kueleza namna nguvu inavyotoka katika injini na kufika katika gia. Katika gari lenye kanyagio la klachi, sahani ya klachi huunganisha injini na gia kwa msuguano. Katika gari linalojibadili gia lenyewe, kazi hiyo hufanywa na chombo cha mviringo kilichojaa oili kiitwacho tokikonveta. Asili yake ni uvumbuzi wa mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza mwaka 1905 akiwa na nia ya kuutumia katika meli.

Utendaji wa tokikonveta waweza kueleweka kwa kufikiri feni mbili zilizoelekezana. Feni moja ikiwashwa, upepo wake huizungusha ile ya pili ingawa haikuunganishwa na umeme. Badala ya upepo, tokikonveta hutumia oili: upande mmoja huzungushwa na injini na kuirusha oili, na upande wa pili huzungushwa na oili hiyo na kuendesha gia. Faida yake ni ulaini, kwani gari laweza kusimama huku injini ikiendelea kunguruma. Hasara yake ni kwamba feni ya pili haifikii kamwe mwendo wa ile ya kwanza. Tofauti hiyo ndogo hupotea bure ikiwa joto, na joto hilo hulipiwa kwa petroli.

Ili kuzuia hasara hiyo, wahandisi waliongeza ndani ya tokikonveta klachi ndogo ya kufungia. Gari likiisha kushika mwendo wa wastani na mzigo wa injini ukawa mdogo, klachi hiyo hujibana na kuzifanya pande zote mbili zizunguke kama kitu kimoja. Gari la Packard nchini Marekani lilikuwa nayo mwaka 1949, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mafuta yalipokuwa ghali duniani, ilienea katika magari ya kawaida. Leo karibu kila gari la aina hii linayo. Nayo ndiyo mshukiwa mkuu wa mtetemo, kwa sababu mtetemo huja pale pale inapoanza kujibana.

MSUGUANO UNAOSHIKA NA KUACHIA

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba upo msuguano tuli, unaokizuia kitu kisianze kwenda, na upo msuguano wa mwendo, unaokipinga kitu kinapokwenda. Na kwamba ule wa kwanza kwa kawaida ni mkubwa kuliko wa pili. Huandika maneno hayo daftarini, huyajibu katika mtihani, na huyasahau. Ni nadra kuelezwa kwamba katika tofauti hiyo ndogo zimo sauti ya zeze, mlio wa bawaba ya mlango, na mtetemo wa gari la mwalimu wake.

Atwae kipande cha mbao, akifunge ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu ya baiskeli, kisha akivute mezani polepole kwa kushika ncha ya mpira. Mbao haitakwenda sawasawa. Itasimama huku mpira ukinyooka. Kisha itachomoka ghafla, kwa kuwa ikiisha kuanza kwenda msuguano hupungua. Mpira utalegea, mbao itasimama tena, na mchezo utaanza upya. Huko ni kushika na kuachia. Mpiga zeze wa Kigogo anapopitisha uta wake juu ya uzi hufanya jambo lilo hilo mamia ya mara katika sekunde moja. Wapigaji wa fidla huupaka uta wao ulimbo uliotengenezwa kutokana na utomvu wa misonobari, ili uta ushike zaidi kabla ya kuachia. Utomvu wa namna hiyo hugemwa katika msitu wa Sao Hill, karibu na Mafinga, kwa hiyo msafiri atokaye Madibira kwenda huko huikaribia malighafi ya muziki huku akilalamikia mtetemo wa gari lake, bila kujua kwamba mambo hayo mawili ni ndugu.

Klachi ya kufungia haitakiwi kupiga zeze. Inatakiwa kushika polepole bila kuchomoka. Kwa sababu hiyo oili ya gia boksi hutiwa kemikali maalumu zenye molekuli ndefu, ambazo ncha zake moja hushikamana na chuma na ncha nyingine hubaki nje, mithili ya nyuzi za zulia. Zulia hilo hupunguza msuguano tuli kuliko linavyopunguza msuguano wa mwendo. Matokeo yake ni kwamba kadiri mteleza unavyopungua na pande mbili kukaribia kushikana, msuguano hauongezeki kwa ghafla, na klachi hufunga bila kelele.

Kwa miaka mingi mojawapo ya kemikali hizo ilikuwa mafuta ya nyangumi mkubwa wa aina ya kashaloti. Marekani ilipomwingiza nyangumi huyo katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1970, mafuta hayo yaliondoka sokoni, na wakemia wakalazimika kutafuta badala yake. Oili ya Dexron II, iliyotolewa mwaka 1973, ilitengenezwa bila nyangumi. Habari hii ina fundisho kwa mnunuzi wa leo. Oili mbili zaweza kuwa nyekundu sawasawa, kwa kuwa wekundu ni rangi iliyotiwa tu, lakini zikatofautiana katika kile kiasi kidogo cha kemikali kinachoamua iwapo klachi itashika kwa upole au itapiga zeze. Anayenunua oili kwa rangi ni sawa na mgonjwa anayenunua dawa kwa rangi ya kidonge.

Zulia hilo la kemikali huchakaa. Joto na hewa huliunguza taratibu. Kwa makadirio yanayotumiwa na wakemia, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka huufanya uunguaji uwe wa kasi karibu maradufu. Hivyo oili iliyopanda kutoka nyuzi 90 hadi 110 huchakaa kwa kasi karibu mara nne. Gari lililojaa abiria na mizigo likipanda kutoka bonde la Usangu, ambalo lipo zaidi kidogo ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Mafinga iliyo zaidi ya meta 1,800, hupanda huku klachi ya kufungia ikiwa imeachia, na oili ikichemshwa na mteleza ule wa feni mbili. Adui wa pili ni maji. Gia boksi ina tundu dogo la kupumulia, na gari linalovuka maji ya mafuriko huweza kuyavuta ndani. Kitambaa cha klachi hiyo hutengenezwa kwa nyuzi za namna ya karatasi, nacho huyanywa maji. Kiasi kidogo tu chatosha kuleta mtetemo.

WATUHUMIWA WATATU NA NJIA YA MADIBIRA

Ingawa maelezo hayo yanamwelekeza mtu kwenye klachi, bado si ushahidi. Gari hutetemeka kwa sababu nyingine pia, na mbili kati ya hizo hufanana sana na hii. Ya kwanza ni magurudumu: tairi iliyovimba, rimu iliyopinda au shafti iliyochakaa. Ya pili ni injini ambayo silinda yake moja haiwaki ipasavyo, hali ambayo mafundi huiita kumisi. Watuhumiwa ni watatu, na kazi ya mpimaji ni kuwafanya wasikubaliane.

Hapa hesabu ya shule hufaa. Tairi yenye mzingo wa meta 1.9, katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, yaani meta 16.7 kwa sekunde, huzunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Injini inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, yenye silinda moja iliyokufa, hukosa mshindo mmoja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 12 na nusu kwa sekunde. Sasa dereva abonyeze kitufe kilichoandikwa O/D ili gia ya juu iondoke, huku mwendo wa gari ukibaki ule ule. Injini itapanda, tuseme hadi mizunguko 2,100, na kukosa mshindo kutakuwa mara 17 na nusu kwa sekunde; lakini tairi itabaki katika mara zake 9. Basi mtetemo usiobadilika kabisa ni wa magurudumu. Tairi hufuata barabara, injini hufuata mizunguko yake, na klachi haifuati hata kimoja: hutetemeka tu inapoanza kushika, na gia ya juu ikiondolewa aghalabu hunyamaza.

Jaribio la pili ni la breki. Katika magari mengi, taa za breki zikiwaka klachi ya kufungia huachia papo hapo, kwa kuwa swichi ya kanyagio hupeleka habari katika kompyuta ya gari. Gari likiwa linatetemeka kwenye barabara tupu iliyonyooka, na pasipo gari jingine nyuma, dereva aendelee kukanyaga mafuta vile vile na aguse breki kwa wepesi, kiasi cha kuwasha taa tu. Mtetemo ukikoma mara moja na injini ikapanda mizunguko kidogo, klachi hutuhumiwa zaidi.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hukumu za haraka huzaliwa. Injini inayomisi nayo huweza kutulia breki ikiguswa. Klachi ikiwa imefunga, kila mshindo uliokosekana hupelekwa moja kwa moja hadi magurudumuni. Ikiachia, oili huumeza mshtuko huo kama godoro. Jaribio la breki, basi, laweza kutoa jibu moja kwa makosa mawili tofauti, na jaribio lisilotenganisha halitoshi kuhukumu.

Mtenganishaji mzuri ni mlima. Katika kupanda kwa nguvu, klachi ya kufungia huachia, lakini plagi na koili za moto huhitajiwa kufanya kazi yake ngumu kuliko zote. Gari linalopanda kutoka Madibira kuelekea Mafinga bila kusitasita, kisha likatetemeka linapofika kwenye barabara kuu ya lami na kwenda taratibu kwa mafuta kidogo, hilo lina maradhi ya klachi. Gari linalokwamakwama mlimani lina maradhi ya injini, hata kama linatetemeka pia kwenye lami. Na pale barabara ya changarawe ilipofanya mikunjo kama bati, dereva asijaribu kuamua lolote, kwani barabara yenyewe hutetemesha kila kitu na kuuficha ushahidi. Hivyo safari moja ya kawaida, ambayo mwenye gari angeifanya hata hivyo kwenda sokoni, ina ndani yake tambarare, mlima na lami: maabara kamili isiyodai ada.

Kifaa cha kusomea kumbukumbu za kompyuta ya gari, ambacho mafundi wengi wa mijini wanacho, huongeza shahidi wa tatu. Alama P0300 na zile zinazoifuata huhusu silinda zisizowaka; alama P0741 huhusu klachi ya kufungia. Hata hivyo, kifaa hicho husema kile tu ambacho kompyuta imekitambua, na mtetemo ulio mchanga mara nyingi hauachi alama yoyote. Shahidi asiyeona si ushahidi kwamba jambo halikutokea.

KISA CHA OILI INAYOUA

Mtuhumiwa akiisha kujulikana kuwa ni klachi, bado haifai kukimbilia gia boksi nyingine. Oili itazamwe kwanza. Idondoshwe katika karatasi nyeupe: ile iliyoungua huwa ya kahawia nzito na hunuka moshi, ile iliyoingiwa na maji mengi huwa kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi. Maji kidogo yasiyoonekana kwa macho hujulikana kwa kudondosha tone moja juu ya bati lililopashwa moto kupita nyuzi 100: oili safi hutulia, yenye maji huchachatika. Jaribio hilo lifanywe na mtu mzima, kwa tone moja tu, na uso ukiwa mbali. Maji yakionekana, chanzo chake kizibwe kwanza, ama sivyo oili mpya itaharibika kama ile ya zamani.

Iwapo oili imechoka lakini haina vipande vya chuma, kuibadilisha kwa oili ya aina iliyoamriwa na mtengenezaji huweza kuumaliza mtetemo kwa sehemu ndogo sana ya gharama ya gia boksi. Hapa ndipo inapojitokeza imani iliyoenea sana: kwamba gari lililotembea kilomita nyingi lisibadilishwe oili ya gia boksi, kwa sababu oili mpya huiua. Wapo watu wanaoweza kutaja magari yaliyokufa wiki chache baada ya kubadilishwa oili, na hawasemi uongo.

Lakini ni nani hubadilisha oili? Kwa desturi iliyopo, wenye magari mazima hawaigusi. Wanaoibadilisha ni wale ambao gia zao zimekwisha kuanza kuteleza na kugonga, wakiwa na matumaini ya mwisho. Katika kundi hilo vifo vingi vingetokea hata oili isingeguswa. Ni kama mtu ahesabuye wagonjwa mahututi waliofikishwa hospitali, aone wengi wamefariki, kisha aseme hospitali huua. Kulinganisha kwa haki kungehitaji magari mawili ya hali moja, moja libadilishwe na jingine liachwe. Imani hiyo ina chembe ya ukweli: oili mpya haiwezi kurudisha kitambaa kilichokwisha lika, na klachi iliyokwisha haiponi kwa kumiminiwa chochote. Ukweli huo, hata hivyo, ni sababu ya kubadilisha mapema, wala si sababu ya kutobadilisha kamwe.

Ipo pia hesabu inayowasahaulika wengi. Kizibo kikifunguliwa, oili yote haitoki. Nyingi hubaki ndani ya tokikonveta. Ichukuliwe kwamba kila mara hutoka asilimia 40 tu. Baada ya mara ya kwanza, ya zamani iliyobaki ni asilimia 60. Baada ya mara ya pili, 36. Baada ya mara ya tatu, karibu 22. Anayebadilisha mara moja, akaendesha siku mbili na kutangaza kwamba oili mpya haikusaidia, hajaijaribu oili mpya. Amejaribu mchanganyiko ambao zaidi ya nusu yake ni ile ya zamani. Mwanafunzi aliyesoma vipeo aweza kumsaidia fundi kwa hesabu hii, na fundi aweza kumwonyesha mwanafunzi kwamba vipeo vina kazi nje ya kitabu.

Mtetemo ukiendelea hata baada ya oili sahihi kutiwa mara tatu, na injini ikiwa haina hatia, hapo hukumu juu ya klachi huwa na nguvu. Hata hapo, kilichochakaa chaweza kuwa tokikonveta peke yake. Na yule mwenye gari ambaye mfumo wa gia zake ni wa mkanda usio na hatua ajue kwamba oili ya mfumo huo ni tofauti kabisa. Asitie ile ya kawaida kwa kuwa tu ndiyo iliyopo dukani.

WAJIBU WA SHULE NA WA FUNDI

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya gereji, na kwamba shule ya sekondari ina muhtasari wa kumaliza. Pingamizi hilo lina uzito, kwani walimu wana vipindi vichache na madarasa makubwa. Lakini hakuna somo jipya linaloombwa hapa. Msuguano umo katika muhtasari, mtetemo umo, vipeo vimo, kasi ya mabadiliko ya kikemia imo. Kinachoombwa ni kwamba mada hizo zifundishwe mara moja kwa kitu ambacho mwanafunzi wa Madibira hukiona kila siku kikipita mbele ya shule, na kwamba aulizwe swali ambalo jibu lake halimo nyuma ya kitabu.

Wengine watasema kwamba fundi mzoefu hutambua ugonjwa kwa sikio, wala hana haja ya nadharia. Uzoefu wa fundi ni hazina, na msomi anayeudharau hujinyima mwalimu. Hata hivyo, sikio hujifunza vizuri pale tu linaposahihishwa. Fundi anayebadilisha plagi, koili, oili na gia boksi kwa siku moja, na gari likapona, hajui kilichoponya. Ameshinda, lakini hakujifunza kitu. Na mteja wa kesho atalipia tena vitu vinne badala ya kimoja. Anayebadilisha kimoja, akapima, akaandika, huwa fundi bora kila mwaka.

Basi mambo matatu yafaa kufanywa, na hakuna hata moja linalongoja fedha kutoka mbali. Kwanza, shule iliyo karibu na gereji imwalike fundi mara moja kwa muhula, si kuhubiriwa bali kuhojiwa, na wanafunzi wajaribu kueleza kwa fizikia kile anachokijua kwa mkono. Vyuo vya ufundi vya VETA na vyuo vikuu vya kanda, kama vile Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, vingeweza kusaidia kwa kuwaandalia walimu mazoezi ya namna hii kwa Kiswahili. Pili, kila gari liwe na daftari lake, ambamo huandikwa tarehe, kilomita, aina kamili ya oili iliyotiwa na kiasi chake. Kwani gari lisilo na kumbukumbu huanza upya kila linapobadili mikono. Tatu, oili chakavu isimwagwe katika mifereji. Maji yanayopita kando ya gereji ndiyo yanayoingia mashambani, na mpunga hauna njia ya kuyakataa.

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi, hata hivyo, huanza kwa kuitazama koleo ili ajue imevunjikia wapi. Mkulima wa Madibira aliyesubiri miezi mingi hadi mpunga wake ukaiva anastahili kuambiwa, kabla hajauza gunia la kwanza, ni jaribio gani lililofanywa na lilijibu nini. Na mwanafunzi atakayeweza kumwuliza fundi swali hilo kwa adabu, akalielewa jibu, atakuwa amefaulu mtihani ambao Baraza la Mitihani halijautunga.